Bafa: kwa nini muziki wa Wi-Fi hukatakata baada ya kusasisha programu

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya spika, simu au kompyuta ambamo muziki huwekwa kwa muda mfupi kabla ya kupigwa. Ni kama simtanki: maji ya mgawo yanaweza kukatika, lakini jikoni bomba linaendelea kutoa mradi tangi halijakauka. Bafa ikikauka, wimbo unakwama.

Wengi hudhani dawa ni kasi. Muziki si mzigo mzito hivyo. MP3 ya ubora wa juu inahitaji kilobiti 320 kwa sekunde. Hata sauti ya CD isiyobanwa, yenye sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kila sekunde, biti 16 kwa kila sampuli, kushoto na kulia, ni kilobiti 1,411 tu. Wi-Fi ya nyumbani ikiwa nzima hupitisha zaidi ya hapo bila shida. Kinachoua muziki ni data kufika kwa kushtukashtuka. Bafa ya sekunde 2 haihimili ukimya wa sekunde 3, hata kama kabla na baada ya ukimya huo data ilikuwa inamiminika.

Tena, kama nyimbo zimo kwenye kompyuta yako na zinakwenda kwenye spika kupitia ruta ya nyumbani, zinaweza kupita humo humo ndani bila kugusa intaneti. Kwa hali hiyo bando kubwa halisaidii chochote, na inaniuma kuona mtu akishauriwa kulinunua.

Toleo jipya la programu huvuruga mwendo huo kwa njia kadhaa. Kompyuta ikishasasishwa huanza kupanga upya orodha ya mafaili na kupakia picha kimyakimya. Hilo huisha lenyewe, iache usiku mmoja. Draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa cha Wi-Fi, nayo inaweza kurudisha hali ya kubana umeme, ambapo redio ya Wi-Fi husinzia na kuamka kusikiliza ishara ya ruta, ambayo kwa kawaida hutolewa kila milisekunde 102.4. Au kifaa kimehamia masafa ya gigahezi 2.4, yenye msongamano: Bluetooth iko humo, jiko la maikrowevu linavuma humo, na chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ila kuta huidhoofisha haraka.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Muziki ukiwa unapigwa, tuma ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima muda wa jibu kurudi, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye ruta. Majibu ya milisekunde chache, yasiyoyumba, yanaonyesha kwamba njia hiyo ni nzima; geukia programu ya muziki au upande wa spika. Yakiruka kutoka 3 hadi 400, au mengine yasirudi, shida iko hewani. Chomeka waya wa mtandao: muziki ukitulia, umepata jibu. Baada ya hapo zima hali ya kubana umeme, sikiliza, kisha ndipo uguse masafa. Ukibadilisha yote kwa mpigo hutajua kilichoponya.

Programu nyingine hukuruhusu kuongeza bafa yenyewe. Inasaidia, lakini ina gharama: wimbo huchelewa kuanza, na ukitazama video, midomo inaweza kutangulia sauti.