Fidia ya Kifurushi Kilichoharibika: Maana Yake na Mipaka Yake

Fidia ya kifurushi ni malipo anayotoa msafirishaji kwa mwenye mzigo pale mzigo uliokabidhiwa kwake ukiwa mzima unapofika ukiwa umevunjika, umelowa au umepungua. Maana hiyo ni nyepesi kusomeka, lakini ndani yake mna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wameumia: fidia si lazima iwe sawa na bei ya kitu kilichoharibika. Ni ile sehemu ya hasara ambayo sheria na mkataba vinamtwika msafirishaji, na kiwango chake cha juu huwa kimekwisha kuwekwa siku ile mtumaji alipojaza hati ya kusafirishia.

Neno la msingi hapa ni dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kubeba hasara iliyompata mwingine. Msafirishaji ana dhima juu ya mzigo tangu anapoupokea hadi anapoukabidhi, ila dhima hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe mara nyingi hupimwa kwa uzito. Kwa mzigo unaosafirishwa kwa ndege kutoka nchi moja hadi nyingine, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 uliweka kikomo cha vizio 17 kwa kila kilo. Kiwango hicho kikapandishwa hadi 19, baadaye 22, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 26. Kizio kinachotajwa ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kiitwacho SDR kwa kifupi, ambacho thamani yake hutokana na mchanganyiko wa dola, yuro, yuan, yen na pauni, na kimoja huzidi dola moja ya Marekani. Kwa mizigo ya barabarani baina ya nchi zinazofuata mkataba wa CMR wa mwaka 1956 pamoja na itifaki yake ya mwaka 1978, kikomo ni vizio 8.33 tu kwa kilo.

Tuchukue kompyuta mpakato iliyosafirishwa kwa ndege ndani ya sanduku lenye uzito wa kilo 2, ikafika kioo kikiwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Kilo 2 mara 26 ni vizio 52, kiasi kisichofika dola 100, hata kama kompyuta hiyo ilinunuliwa kwa mara kumi ya fedha hizo. Kikomo cha tofali la kilo 2 kingekuwa kilekile. Hoja ya wasafirishaji ni kwamba wanapokea sanduku lililofungwa, hawajui kilichomo, na nauli wanayotoza haikuhesabu thamani yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwa maoni yangu kipimo cha kilo, ambacho kinafaa kwa magunia na mapipa, kinamwonea mtu anayetuma kitu kidogo cha thamani kubwa, hasa pale ambapo hakuna aliyemweleza jambo hilo dirishani.

Njia ya kukivuka kikomo hicho inaitwa kutamka thamani. Mtumaji anapokabidhi mzigo anaweza kuandika thamani yake kwenye hati na kulipa nyongeza ikihitajika, na kuanzia hapo kikomo huwa ni kiasi alichokitamka. Si kwamba atalipwa kiasi hicho moja kwa moja, kwa kuwa bado atatakiwa kuonyesha hasara halisi, kwa mfano kwa stakabadhi ya manunuzi au makadirio ya fundi. Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini: thamani iliyoandikwa kwa ajili ya forodha ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaojaza nafasi hiyo ya forodha wakiamini wameshaulinda mzigo, kumbe nafasi ya thamani kwa ajili ya usafirishaji wameiacha wazi. Vilevile kutamka thamani si bima, kwa maana bima ni mkataba wa pembeni wenye masharti yake, na huweza kulipa hata pale ambapo msafirishaji hana kosa.

Msafirishaji naye ana utetezi wake. Chini ya Mkataba wa Montreal hawajibiki akithibitisha kwamba uharibifu umetokana na kasoro ya kitu chenyewe, ufungaji mbaya uliofanywa na mtu mwingine, vita, au hatua ya mamlaka ya umma. Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye ufungaji. Bakuli la kauri lililoviringishwa gazeti moja na kuachwa likicheza ndani ya sanduku halitetewi na kibandiko kinachosema kitu hiki huvunjika, kwa sababu kibandiko hakizuii mtikisiko. Picha za kila hatua ya ufungaji, zikionyesha sponji chini, pembeni na juu kabla utepe haujabandikwa, humwondolea msafirishaji utetezi huo.

Upande wa mpokeaji, jambo zito ni sahihi. Msambazaji amesimama mlangoni, amenyoosha simu uweke sahihi kwa kidole, na ana vifurushi vingine vinavyomngoja. Ni rahisi kusaini bila kutazama. Lakini kupokea mzigo bila malalamiko huchukuliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kuwa ushahidi kwamba umefika salama. Andika ulichokiona kwa maneno ya wazi, kama vile kona ya chini imebonyea na utepe umekatwa, kwani kuandika tu kwamba hukukagua hakusemi lolote juu ya hali ya sanduku. Ikiwa uharibifu umejificha ndani, Mkataba wa Montreal unatoa siku 14 tangu kupokea mzigo ili kupeleka malalamiko kwa maandishi, na CMR siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Kesi mahakamani chini ya Montreal haifunguliwi baada ya miaka 2.

Vifurushi vya posta vina kanuni zake, zinazosimamiwa na Umoja wa Posta Duniani ulioanzishwa mwaka 1874, hivyo viwango nilivyotaja havimhusu aliyetuma kwa posta.

Limebaki suala la nani adai. Aliyenunua kitu kwa muuzaji wa mtandaoni ana mkataba na muuzaji, na kwa kawaida huyo ndiye wa kuanza naye. Muuzaji, akiwa ndiye mtumaji, atamfuata msafirishaji. Yeyote atakayedai, sanduku, sponji na kitu kilichovunjika vitunzwe hadi dai lifungwe, kwa sababu msafirishaji anaweza kutaka kuvikagua, na akishalipa fidia kamili anaweza kukichukua kitu chenyewe.