Afya ya uzazi mtandaoni: tunayoyaogopa na ukweli wake

"Ukimfundisha kijana habari za ngono, umemtuma akafanye." Wazazi wengi hapa Tanzania tunaishikilia kauli hii, na naona ndiyo inayotugharimu kuliko zote. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliotokana na tafiti za nchi nyingi, unaeleza kinyume: elimu hii haimharakishi kijana kuanza ngono, na mara nyingine humchelewesha. Tena kijana hatusubiri sisi. Akipata bando la jero na simu ya kuazima, usiku anaiuliza simu kile asichothubutu kumuuliza mama.

Majibu anayokutana nayo ndiyo ya kutisha. Ataambiwa baada ya tendo ajioshe kwa soda au ndimu. Hakuzuii mimba wala maambukizi, na kunaweza kumchubua.

Ataambiwa pia kwamba P2 inakinga kila kitu. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. VVU, kaswende na kisonono hakivigusi. Dawa ya kuzuia VVU kwa aliyekwisha kuwa hatarini ni PEP, hutolewa kituo cha afya na humezwa siku 28. Zote mbili hutajwa kwamba zianze kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na hapo ndipo watu huzichanganya. Binti akibakwa Ijumaa jioni, akameza P2 na kutulia, ikifika Jumatatu usiku muda wa PEP umeshapita. Video ya dakika moja inayoeleza tofauti hii ingeweza kumwahisha kituoni.

"Hana dalili, basi ni mzima." Klamidia, ugonjwa wa zinaa, mara nyingi haioneshi dalili, na VVU hukaa mwilini kimya kwa miaka. Ni kupima tu. Tangu 2019 sheria yetu inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Hili lisemwe kwenye kila ukurasa wa vijana.

"Chanjo ya HPV inafunga kizazi." Haifungi. Inakinga virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na nchini hutolewa kwa wasichana tangu 2018.

"Mtandaoni ni uongo mtupu." Hapana, ila mfundishe mwanao kuchagua. Ukurasa unaouza mzizi mmoja wa kutibu kisonono, kaswende na UTI, tena unataka pesa itumwe kwanza, aufunge. Akihitaji mtu wa kuzungumza naye, apige 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure.