Ukirudia Kuvuta, Usiikimbie Kliniki

Kila inapokaribia tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, watu wa Moshi mjini na vijiji vya mlimani huanza kuulizia tafiti za dawa za kuacha sigara. Mwaka huu maswali yamekuja pamoja na malalamiko, na mengi yanafanana: mshiriki alipewa "dawa hewa", kifaa cha kupuliza kilimuumbua, ameandikwa mvutaji wakati ameshaacha. Ninajibu kama mtafiti ninayeshughulika na mambo haya kila siku, kwa sababu mshiriki akiondoka kwa hasira katikati ya utafiti huondoka na sehemu ya jibu ambalo wavutaji wenzake wanalisubiri.

Kwanza kibandiko cha nikotini. Wapo wanaokikataa wakisema ni kutoa sumu na kuingiza sumu nyingine. Hoja hii tumeijibu mara nyingi na bado inarudi. Nikotini ndiyo inayojenga uraibu, si kitu cha kumwachia mtoto, na mjamzito hapaswi kuitumia bila daktari. Lakini saratani ya mapafu inayompata mvutaji inatokana na moshi: lami na kemikali zaidi ya 7,000 zinazozaliwa tumbaku inapoungua, ambazo takriban 70 zinajulikana kusababisha saratani. Moyo nao huumizwa zaidi na moshi huohuo pamoja na kaboni monoksaidi yake. Ukivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na arosto inaanza kukudai sigara nyingine. Kibandiko huipitisha kwenye ngozi polepole kutwa nzima, mpando ule wa ghafla haupo, na ndiyo maana ni nadra mtu kuwa mraibu wa kibandiko. Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba ya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini.

Jojo ya nikotini inahitaji maelekezo zaidi, maana wengi huitafuna kama bablishi kisha husema haifanyi kazi. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali kama wa pilipili, ibane kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha tafuna tena, ubane upande wa pili, hivyo hivyo kwa kama nusu saa. Nikotini huingia mwilini kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate, sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla haijafika kwenye ubongo, na wewe unabaki na kwikwi na kiungulia. Vinywaji vyenye asidi huizuia isipenye, kwa hiyo usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla ya kutafuna na wakati unatafuna. Hapa Moshi, ambako kahawa ya kijiweni ni sehemu ya asubuhi, kosa hili tunaliona sana. Wanaotumia ugoro wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili: magadi yanayochanganywa humo hupunguza asidi, na nikotini hupenya haraka zaidi. Kwa sababu hiyo ugoro wenye magadi hufunga mtu sawasawa, na anayedhani ameacha sigara kwa kuhamia kwenye ugoro ajue uraibu wake uko palepale, na kemikali za saratani zimo humo pia.

Sasa "dawa hewa". Kidonge kisicho na dawa hakitolewi kumdanganya mtu, na kama umesaini fomu bila kulisikia neno hilo, hapo una haki ya kulalamika. Sababu yake ni kwamba wapo wavutaji wanaoacha wenyewe, bila dawa yoyote, na tusipowajua ni wangapi dawa itasifiwa kwa kazi isiyo yake. Chukua sitisini, dawa inayotokana na mbegu za mti wa laburnum, iliyoanza kuuzwa Bulgaria miaka ya 1960. Kwa miongo mingi ilitumika Ulaya Mashariki bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2011 zilichapishwa takwimu za jaribio lililofanyika Polandi kwa wavutaji 740, nusu wakipewa sitisini kwa siku 25 na nusu kidonge kitupu. Baada ya mwaka mmoja, walioacha kwa dawa walikuwa asilimia 8.4, na kwa kidonge kitupu asilimia 2.4. Namba hizo ni ndogo, na atakayekuahidi kwamba dawa yake inawaachisha watu wote anakudanganya. Lakini tofauti kati yake ndiyo iliyoifungulia milango dawa ya bei nafuu, na mwaka 2024 sitisini iliingia kwenye mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Bila wale waliokubali kunywa kidonge kitupu tusingekuwa na cha kulinganisha.

Kuhusu ridhaa nieleze kwa utaratibu. Utafiti hauanzi mpaka upitishwe na kamati ya maadili, ikiwemo kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na ukiwa ni wa kujaribu dawa unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili. Asiyesoma husomewa yote, mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Nakala moja unaondoka nayo, na ndani yake mna namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo haikuwekwa kama pambo. Nauli na fidia ya muda hulipwa kwa kiwango kilichoidhinishwa, na karani hana mamlaka ya kukipandisha. Unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Hakuna faini. Adhabu zipo upande wetu: mtafiti akikiuka masharti, TMDA inaweza kulisimamisha jaribio au kufuta kibali. Wapo pia wanaoogopa kwamba jina likiandikwa kwenye daftari letu litafika polisi. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, ambayo tangu 2021 inasimamiwa na TMDA, inahusu bidhaa na matangazo, wanaowauzia walio chini ya miaka 18, na uvutaji mahali palipokatazwa. Kuwa mvutaji si kosa la jinai.

Kifaa cha kupuliza hupima kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Katika tafiti nyingi, anayepata chini ya sehemu 10 kwa milioni huhesabiwa hajavuta karibuni. Neno "karibuni" lina uzito, kwa sababu kwa mtu aliyetulia gesi hii hupungua nusu kila baada ya saa nne mpaka sita, na baada ya siku moja wengi wamerudi kwenye kiwango cha asiyevuta. Kwa hiyo hakimkamati aliyevuta juzi. Kinaweza pia kumpandishia namba mtu asiye na hatia: mama anayepikia kuni jikoni palipofungwa, mchoma mahindi anayeshinda kwenye jiko la mkaa, aliyekaa kwenye moshi wa shisha. Tunapokuuliza unapikia nini nyumbani, hatuchimbi umaskini wako. Tunataka tusikuandike mvutaji kwa kosa la jiko. Kipimo kingine, cha kotinini, yaani mabaki ya nikotini, kwenye mate au mkojo, hukumbuka siku kadhaa nyuma, lakini nacho hakitofautishi sigara na kibandiko au ugoro. Ndiyo maana tunauliza kwa mdomo, tunapima, na tunauliza tena. Mzee anayesema, "Daktari, mimi nimeshaacha kabisa, navuta moja tu baada ya chakula cha jioni," hajaacha, na kwa heshima zote lazima tumwandike hivyo. Hajaharibu chochote kwa kutuambia. Angeharibu kama angetuficha.

Na hapa ndipo penye lalamiko kubwa. Katika tafiti hizi, mshiriki asiyeonekana siku ya miadi ya mwisho huhesabiwa kuwa anavuta. Kanuni hii inatumika duniani kote na ni kali kwa makusudi, kwa kuwa wengi wanaopotea wamerudia sigara na wanaona haya kurudi. Fikiria mpagazi aliyepata kazi ya kupandisha wageni njia ya Machame, siku sita au saba mlimani, na miadi yake ikaangukia katikati. Hajagusa sigara miezi sita, lakini kwenye takwimu atakuwa mvutaji, na dawa iliyomsaidia itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Simu moja kabla ya kupanda ingetosha tukabadilisha tarehe. Aliyerudia kuvuta naye anahitajika kwa kiwango hichohicho. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja, arosto huwa kali zaidi wiki ya kwanza, na kilabu cha mbege siku ya sherehe kimewarudisha wengi. Tunajua. Hatumfokei mtu kwa hilo, na muuguzi atakayekufokea tuandikie.

Kuna wanaosema wamechelewa. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu mwaka 1951 walitoa jibu ambalo halijapinduliwa: kwa matokeo yaliyochapishwa 2004, wavutaji wa maisha yote walipoteza wastani wa miaka kumi. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote, aliyeacha na 50 aliokoa sita, na aliyeacha na 60 aliokoa mitatu. Babu akipata miaka mitatu zaidi na wajukuu, hiyo ni tiba.

Wengine hupanga kupunguza kidogo kidogo. Jaribio la Uingereza la 2016 lililinganisha njia hiyo na ya kuacha kwa siku moja iliyopangwa, kwa watu 697, wote wakipewa nikotini ya tiba na ushauri: baada ya miezi sita, waliofaulu kuacha kati ya waliopangiwa siku moja walikuwa asilimia 22, na kati ya waliopunguza kwanza asilimia 15.5. Mimi hushauri mtu apange siku. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, nayo ilijaribiwa hukohuko kwa watu 886, na mwaka 2019 ikaripotiwa kuwa asilimia 18 waliacha sigara dhidi ya 9.9 waliotumia tiba ya nikotini. Asilimia 80 ya hao walioacha kwa vepu walikuwa bado wanaivuta mwaka mmoja baadaye. Kijana ambaye hajawahi kuvuta hana anachokitafuta humo.

La mwisho ni la kuzingatia kabla ya siku uliyoipanga. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha, kahawa ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na mikono ikitetemeka na usingizi ukikatika watu husingizia arosto. Punguza vikombe kama nusu. Baadhi ya dawa hufuata njia hiyohiyo, zikiwemo aminofilini ya pumu na klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na kipimo kilichokufaa ukivuta kinaweza kuwa kikubwa mno ukiacha. Usizikate wala kuzipunguza mwenyewe. Njoo na vidonge vyote unavyotumia, kwenye pakiti zake, mapema kabla ya siku ya kuacha, ili daktari wako apange kipimo upya.