Simu Ikizimika na Kuwaka, Je, Kengele ya Dawa Bado Ipo?

Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepanga ukumbusho wa dawa kwenye simu yake anaamini kwamba saa mbili usiku kengele italia. Jioni umeme unakatika, betri inakwisha, simu inazimika. Saa moja na nusu umeme unarudi. Anaichomeka kwenye chaji, anaiwasha, kila kitu kinaonekana sawa, kisha saa mbili inapita kimya. Simu yake si mbovu. Katika mfumo wa Android, kengele zote ambazo programu imeziomba kupitia huduma ya AlarmManager hufutika simu inapozimwa, na ni wajibu wa programu yenyewe kuziomba upya.

Lakini programu itajuaje kwamba simu imewaka, ilhali hakuna mtu aliyeifungua? Hapo ndipo yanapohitajika matangazo ya mfumo. Yanapotokea mambo kama vile simu kumaliza kuwaka, chaji kuchomekwa, betri kupungua, saa kubadilishwa au ujumbe mfupi kuingia, Android hutoa tangazo, na programu iliyojiandikisha kulisikiliza huamshwa kwa muda mfupi ili itekeleze ilichopangiwa. Kwa ukumbusho wa dawa, mtengenezaji anapaswa kuomba ruhusa ya RECEIVE_BOOT_COMPLETED, yaani ya kusikia kwamba simu imewaka, na kukitaja kipokezi cha tangazo (sehemu ya programu inayolisikiliza) katika AndroidManifest.xml, faili linaloitambulisha programu kwa mfumo, kisha aandike msimbo mfupi wa kusoma ratiba iliyohifadhiwa na kupanga kengele upya. Ni kazi ya nusu siku, na kwa maoni yangu programu ya afya isiyoifanya haistahili kupewa mgonjwa.

Lipo jambo jingine ambalo hata watengenezaji wazoefu hulisahau. Tangu Android 7.0 iliyotoka mwaka 2016, katika simu zinazofunga data kwa namba ya siri, tangazo la BOOT_COMPLETED, la simu kumaliza kuwaka, hutolewa baada tu ya mwenye simu kuingiza namba hiyo kwa mara ya kwanza. Simu iliyojizima na kujiwasha usiku wakati wa kusasisha mfumo itakuwa mezani hadi alfajiri bila kuguswa, na huenda kengele ya saa kumi na mbili isilie. Suluhisho lake ni kusikiliza pia LOCKED_BOOT_COMPLETED, tangazo linalotangulia namba ya siri, na kuitunza ratiba katika sehemu ya hifadhi inayosomeka kabla simu haijafunguliwa. Kwa kuwa sehemu hiyo haina ulinzi wa namba ya siri, nashauri iwekwe saa peke yake, bila jina la dawa wala la ugonjwa.

Safari nazo zina tangazo lake. Anayetoka Bukoba kwenda Kigali anarudi nyuma saa moja, hivyo kengele iliyopangwa kulia saa mbili usiku kwa saa za Tanzania italia Kigali saa moja usiku, isipokuwa programu imesikiliza tangazo la mabadiliko ya ukanda wa saa na kupanga upya. Kama inafaa kupanga upya au la hutegemea dawa: inayonywewa kila baada ya saa 12 haihesabiwi sawa na inayofuata mlo wa jioni, na hilo aulizwe mfamasia, asiachiwe mwandika msimbo.

Kusikiliza kila tangazo, hata hivyo, ni kosa. Zamani mtandao ulipobadilika, programu nyingi ziliamka kwa pamoja, zikagombea kumbukumbu na kula betri; ndiyo sababu Android 8.0 ya mwaka 2017 ilizuia programu mpya kusikiliza matangazo mengi ya jumla kupitia faili la AndroidManifest.xml, na ikabakiza machache, yakiwamo ya kuwaka kwa simu na ya ukanda wa saa. Kipokezi nacho hupewa takriban sekunde 10 tu. Kazi ndefu, kama kutuma kumbukumbu za mgonjwa kwenye seva, ikabidhiwe kwa WorkManager, zana ya Android ya kuendesha kazi chinichini.

Kwa upande wa mtumiaji, programu uliyoisimamisha kwa lazima kupitia mipangilio haitasikia tangazo lolote, hata la simu kuwaka, mpaka uifungue tena kwa mkono wako. Pia, usimpe kila anayeomba ruhusa ya kupokea ujumbe mfupi. Programu yenye ruhusa hiyo huamshwa kila ujumbe unapoingia na inaweza kuusoma, ukiwamo ule wenye namba ya uthibitisho ya akaunti yako ya fedha. Programu ya kukumbusha dawa haina sababu ya kuiomba.

Kabla ya kumkabidhi mgonjwa programu ya aina hii, panga kengele ya dakika 15 zijazo, zima simu, iwashe, usiingize namba ya siri, uiweke mezani na usubiri.