Mafuta Mapya Hayawezi Kuokoa Tangi Chafu

Katika kazi yangu ya ufundi wa mashine za kukaangia, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Fundi, mafuta nimebadilisha juzi tu, mbona yameshakuwa meusi?" Nami huuliza: ulipomwaga ya zamani, tangi ulilioshaje? Mara nyingi naambiwa lilifutwa kwa kitambaa, mapya yakamiminwa, kazi ikaendelea. Basi mafuta hayo yalianza kuharibika kabla kiazi cha kwanza hakijatumbukizwa.

Mafuta huchoshwa na mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja. Maji ya chakula huyavunja na kuzaa asidi, na asidi hizo ndizo zinazoyafanya yatoe moshi mapema. Hewa huyachachusha. Joto nalo, nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi siku nzima, huunganisha molekuli zake mpaka yawe mazito. Sehemu ya mafuta hayo mazito huganda kwenye kuta na kwenye koili inayoyapasha joto, zaidi pale uso wa mafuta unapokutana na hewa. Ule utando wa kahawia unaonata kama gundi si mabaki ya chakula, ni mafuta yenyewe yaliyokwisha kufa. Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu haviugusi.

Rangi peke yake isikudanganye. Kuku aliyepakwa unga huyatia mafuta weusi haraka, ilhali bado yana nguvu. Mimi huangalia moshi unaotoka kwenye joto la kawaida la kukaangia, povu dogodogo lisilotulia hata kikapu kikishatolewa, na chakula kinachotoka kimelowa mafuta badala ya kukauka nje. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo cha vitu vinavyoitwa viambata vya polari, yaani vile vinavyozaliwa mafuta yanapoharibika, kati ya asilimia 24 na 27 ya mafuta, na kuna kipimo cha mkononi kinachovisoma papo hapo. Kama unakaanga kila siku kwa biashara, kinunue. Kuongeza mafuta mapya kidogo juu ya yaliyokufa hakuyafufui, kunaharibu na hayo mapya.

Sasa kazi yenyewe. Zima mashine, chomoa waya au funga gesi, halafu subiri. Mafuta hupoa polepole mno, na tangi kubwa linaweza kuchukua saa kadhaa. Mimi huyatoa yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi: bado mepesi, yanashuka na mashapo, na hayaunguzi kama yale ya moto. Pokelea kwenye chombo cha chuma, usiweke ndoo ya plastiki. Hakikisha pia moto hauwezi kuwashwa wakati tangi li tupu, kwa sababu koili isiyozama hupata joto kali hadi ikawa nyekundu, na mafuta yaliyobaki juu yake yanaweza kushika moto.

Kwangua chenga za chini, kisha jaza maji hadi alama ya mafuta. Tia dawa ya kuondolea mafuta iliyotengenezwa kwa mashine hizi, kwa kipimo cha kwenye kopo. Vaa glavu ndefu na miwani. Kama tangi ni la alumini, dawa yenye kostiki (ile magadi kali inayounguza) isiliguse kabisa, italila. Pandisha joto hadi karibu na kuchemka bila kufika, kwa dakika 20 au 30, na usiondoke hapo, maana povu hupanda ghafla na kufurika. Kwa mashine ndogo ya nyumbani soma kwanza maelekezo yake; nyingine hazitaki kuchemshiwa maji, na kile kichwa chenye koili na swichi hakizamishwi majini kamwe. Sugua kwa brashi yenye mpini mrefu. Steelwaya iache mbali: vipande vyake hukatika na kuishia kwenye chakula. Na pita taratibu karibu na ule mrija mwembamba wa thamostati, kifaa kinachodhibiti joto, kwani ukiupinda, joto unalolisoma halitakuwa la kweli tena.

Baada ya hapo inafuata hatua ambayo wengi huiruka. Suuza, kisha suuza tena kwa maji yenye siki, sehemu moja ya siki kwa kumi za maji, halafu malizia kwa maji matupu. Dawa ile ni alikali, kinyume cha asidi. Ikibaki hata kidogo, hukutana na asidi za mafuta na kutengeneza sabuni humohumo ndani ya tangi. Sabuni hiyo ndiyo inayoleta povu siku ya kwanza, na mwenye mashine akadhani ameuziwa mafuta mabovu.

Kukausha ndiko ninakokusisitiza kwa moyo wote. Niliwahi kuitwa kwenye jiko ambalo mafuta mapya yalikuwa yamefurika hadi sakafuni asubuhi ya kwanza. Tangi lilikuwa limefutwa vizuri, lakini bomba la kutolea mafuta lilikuwa bado na maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo hukaa chini. Yakipata joto hugeuka mvuke, na lita 1 huwa mvuke wa takriban lita 1,700. Kwa bahati hakuna aliyekuwa amesimama karibu. Tangu siku ile hufungua koki, napuliza bomba, napitisha kitambaa kikavu kwenye kila kona na nyuma ya koili, kisha naliacha wazi mpaka nipapase na mkono utoke mkavu kabisa.

Funga koki, mimina mafuta hadi yafunike koili yote, uanze na joto la chini. Kama ni mafuta ya kuganda, yayeyushe kwanza kwenye sufuria nyingine. Kuanzia hapo chuja kila siku, funika ukimaliza, na chumvi itie kwenye sahani, si juu ya tangi. Yale ya zamani yakipoa, yatie kwenye madumu uwape wanaokusanya mafuta yaliyotumika kwa ajili ya dizeli ya mimea. Ukiyamwaga kwenye sinki yataganda ndani ya bomba, na fundi atakayeitwa siku hiyo ni wa mabomba.