Unyeti wa kisimi, na vaibreta ya kukufaa

Sehemu za siri tunaziita pia sehemu nyeti, na jina hilo ni la haki: zinahisi upesi. Unyeti, tukizungumzia vaibreta, yaani kifaa cha kutetema cha kujipa raha, ni kiasi cha mguso ambacho mwili wako unakipokea kwa raha kabla hakijageuka kero, maumivu au ganzi. Mwingine upepo tu unamtosha. Mwingine asipobanwa hasa hasikii kitu, na wote wawili ni wazima.

Kinachoonekana cha kisimi ni kile kichwa tu, kidogo kama punje ya mbaazi. Mwili wake mkubwa umejificha ndani, umejigawa pande mbili za uke. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walihesabu nyuzi za neva zinazokiendea, wakapata zaidi ya 10,000. Na kwa kuwa sehemu kubwa iko ndani, hata aliyekeketwa mara nyingi bado anacho kisimi, kule ndani. Nalisema hili kwa makusudi, maana wengi wameambiwa kwao basi tena.

Sasa kuchagua. Washa kifaa, kiguse kwenye ncha ya pua. Kama pua inawasha hadi unataka kupiga chafya, mtetemo wake ni wa juu juu, na kwa mtu mwepesi wa kuhisi utachosha haraka. Kama unausikia umezama hadi kwenye mfupa, huo ni mzito, unafika mbali bila kukwaruza. Mwepesi wa kuhisi atafute chenye kichwa kipana cha silikoni laini na ngazi nyingi za chini, aanze juu ya chupi au pembeni ya kisimi. Chenye ncha nyembamba kinakusanya nguvu zote mahali pamoja. Kinamfaa zaidi anayechelewa kuhisi. Vipo pia vya kuvuta kwa hewa, ambavyo havikigusi kichwa cha kisimi chenyewe, ila vingine vina nguvu kuliko vinavyoonekana.

Na unyeti hautulii. Kukoma hedhi, kisukari, baadhi ya dawa za sonona, hata siku za mwezi, vyote huubadilisha. Kilichokufaa ukiwa na miaka 30 si lazima kikufae ukiwa na 50.

Ganzi ya muda baada ya kutumia huisha kwa kupumzika. Ukavu unataka kilainishi cha maji, kisicho na manukato wala cha kusisimua ngozi. Kuungua kusikoisha ni kwa daktari wa wanawake, na kifaa kikae kabatini kwanza.