Mgonjwa Mmoja Anatosha: Maswali ya Wahamasishaji wa Afya Kuhusu Kipindupindu

Kila masika yakikaribia huwa nawafunza wahamasishaji wa afya ya jamii huku Nyando, Kaunti ya Kisumu. Maswali ni yale yale.

Kipindupindu ni nini?
Ni kuhara kunakoletwa na bakteria walio kwenye maji au chakula kilichoingia kinyesi. Mto ukifurika, vyoo vya shimo humwagikia visimani. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano.

Nikiona mmoja anahara maji kama ya kuoshea mchele, ningoje waongezeke ndipo niripoti?
Hapana. Mmoja anatosha. Usingoje wa pili, usingoje ripoti ya mwisho wa mwezi, usingoje majibu ya maabara. Kuthibitisha ni kazi ya maabara; yako ni kunipigia simu saa hiyo hiyo.

Usiku barabara imejaa maji. Si tumpeleke kukipambazuka?
Hapana tena! Kipindupindu kikali humuua hata mtu mzima mwenye nguvu zake kwa saa chache. Nimechoka kupokea wagonjwa alfajiri, macho yametumbukia, ngozi ukiifinya hairudi, na jamaa wanasema, "Tulikuwa tunangoja kuche." Tafuteni usafiri sasa, kabla ya mvua: nani ana boti, boda boda gani inakubali kutoka usiku wa manane. Namba zao ziandikwe daftarini leo.

Mama mkwe anasema akinyweshwa atazidi kuhara.
Mama tunamheshimu, lakini hapa amekosea, na kosa hili linaua. Atahara anywe asinywe. Kinachomuua ni kuishiwa maji. Mpe ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ukifuata kipimo kilicho kwenye pakiti, maana kuna za nusu lita na za lita. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akitapika, pumzika dakika kumi, kisha umpe tena kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Na haya yote yafanyike mkiwa njiani kwenda kituoni, si mkiwa mmekaa nyumbani.

Dawa ya dukani ya kufunga tumbo?
Usimpe.

Nikikupigia na isiwe kipindupindu?
Nitamwona mgonjwa, nikusalimie, nirudi. Piga.